Vikombe Sita vya Kitenzi Kimoja

Civita Castellana, 20 Oktoba 1985

Mwanangu Fiorenza,

Hujambo huko kwenye ukungu? Mimi nipo, nakula, nalala, ila magoti ndiyo yameanza ujeuri nikipanda ngazi. Shangazi yako Argia mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Zeituni mwaka huu hakuna. Baridi ile ya Januari iliua miti, mingine nimeikata hadi shina. Mama yako alikuwa kitandani tayari wakati ule na sikumwambia.

Simu sipigi, sababu unaijua. Miaka yote ile karibu na mashine ya kusaga udongo imeniachia masikio ya pambo. Nijibu kwa barua, tena uandike herufi kubwa.

Nina swali moja. Juzi mke wa mwoka mikate alimuuliza Argia, "Huyo binti wa kaka yako anafanya nini Padova miaka yote hii?" Argia akasema, "Anachunguza maneno." "Maneno gani?" "Ya watu waliokufa." Sasa mtaa mzima unadhani unaongea na mizimu. Niambie mwenyewe unafanya kazi gani hasa, nikiulizwa nisibaki kukodoa macho. Mimi nimetengeneza masinki ya choo maisha yangu yote. Mtu akiniuliza kazi yangu, namwambia kaa.

Babako,
Marciano


Padova, 3 Novemba 1985

Baba mpenzi,

Nimefurahi kusikia unakula. Mimi mzima, mafua tu, na chumba kina baridi kwa sababu mwenye nyumba anampashia joto kasuku wake, hanipashii mimi. Mpe shangazi busu, na umwambie mizimu inamsalimu.

Kazi yangu ni hii. Chukua neno moja, kunywa. Sisi leo tukitaka kusema "nakunywa" tunasema bevo. Warumi walisema bibo. Watu wa hapo hapo kwetu, kabla Warumi hawajawavunjia mji, waliandika neno la kunywa kwenye kikombe, nalo linaanza na p. Kikombe chenyewe umekiona: mlinipeleka na mama makumbusho ya Roma nikiwa darasa la tatu, ukasema mkono wake umebandikwa ovyo. Wahindi wa kale walisema pibati, anakunywa. Waairishi wa kale nao wana ndugu yake, ila wao p waliimeza kabisa.

Sasa weka vipande hivyo vyote mezani, uviunganishe. Utaona vimetoka chungu kimoja, pibo. Chungu chenyewe hakuna aliyekiona, kwa kuwa waliosema hivyo hawakujua kuandika. Lakini nikitazama vipande najua mdomo ulikuwaje na tumbo lilikuwaje. Nyuma zaidi kulikuwa na mzizi mfupi tu, po. Wazee walipotaka kusema jambo linalotendeka sasa, waliirudia sauti ya kwanza, pi-po. Kwa kusemwa na kusemwa ile p ya pili ikalegea ikawa b. Baadaye Warumi wakaona tabu kubadili midomo, wakaigeuza na ya kwanza.

Nalo lina nafsi sita. Pibo, nakunywa. Pibes, unakunywa. Pibet, anakunywa. Pibomos, tunakunywa. Pibetes, mnakunywa. Pibont, wanakunywa. Kwenye karatasi niliyokutilia ndani nimeyaandika yote na kinyota mbele ya kila moja. Kinyota maana yake ni: hili hatujaliona limeandikwa popote, tunaliamini tu.

Linaloniumiza kichwa ni la nne, tunakunywa. Profesa Anselmi na mimi tunasema sauti ya katikati ilikuwa o, pibomos. Wenzetu wa chuo kingine wanasema e. Warumi waliivuruga, na hakuna maandishi ya kutuamua. Tasnifu yangu nzima imekaa juu ya o hiyo. Usicheke.

Binti yako,
Fiorenza


Civita, 30 Novemba 1985

Mwanangu,

Salamu za hapa ni za mvua. Magoti yale yale. Kasuku huyo mwambie mimi nakaanga chochote chenye manyoya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu na mvinyo mkononi, ndipo ikaingia. Kinyota nilidhani umedondosha wino. Argia anasema kama mnalipwa kwa kunywa kwa nafsi sita, basi huku Civita tuna maprofesa wengi mno, wako baa wakati huu. Kisha akauliza, "Na kula je?" Nikamwambia kula ni mwaka ujao.

Lakini nimekuelewa, usidhani. Sisi bandani tukiokota kipande cha mdomo wa chungu tunajua chungu kizima kilivyokuwa. Kumbe na wewe ni mfinyanzi, ila hujichafui.

Sasa sikiliza. Nimewasha lile tanuri langu dogo la bandani. Nakutengenezea kitu. Sisemi ni nini. Uje Krismasi ukione. Itakuwa Krismasi ya kwanza bila mama yako, na meza yetu ile ni kubwa.

Babako


Padova, 19 Desemba 1985

Baba mpenzi,

Natumai hamjambo na mvua imepungua. Mimi mzima.

Sitaweza kuja. Profesa anataka sura ya tatu ifikapo Januari, na maktaba wameniachia ufunguo wakati wa sikukuu. Najua. Tafadhali usikasirike. Nitakuja Pasaka na nitakiona hicho kitu chako. Mbusu shangazi.

Fiorenza wako


Civita, 7 Januari 1986

Fiorenza,

Wazima. Tulikula kwa Argia, kwa kuwa meza ile ni kubwa. Kile kitu kipo, hakiombi mkate. Katika kuchoma kimoja kilipasuka, nikakitupa shimoni pamoja na takataka nyingine. Haidhuru.

Soma vizuri.

Baba


Civita, 12 Mei 1987

Mwanangu,

Hujambo? Kadi yako ya Pasaka imefika, ya pili sasa, na hiyo nayo ina sungura. Mimi na Argia hatujambo. Yale mashina ya mizeituni yamechipua, hutaamini, yamejaa majani mpaka nimeanza kupogoa.

Habari ya huku: vuli iliyopita mvua iliporomosha ukingo chini ya banda langu, pale wafinyanzi wa huku wanapotupa vilivyoharibika tangu enzi za babu wa babu. Sasa wamekuja vijana wa chuo fulani na kamba na brashi za meno, wanachimba. Wanasema chini kabisa kuna vigae vya wale watu wako, wa kabla ya Warumi. Brashi za meno, Fiorenza! Nikamwambia mmoja, "Wewe, hayo meno yataoza kabla hujayamaliza." Wanapendeza lakini. Nawapelekea mvinyo na jibini saa sita, na wanachoma ngozi kwa jua kama kamba wa baharini. Kila wanachookota wanakitia kwenye mfuko na namba, hata vile nisivyoviokota mimi.

Wamenipa wazo kwamba huenda vitafika kwako hivyo vitu. Ukipata kigae cha Civita, kisalimie.

Babako


Padova, 9 Februari 1988

Baba, kaa chini kwanza.

Habari za afya baadaye, kwa sababu mimi mwenyewe sijui kama ni mzima, tangu jana sijala. Wale vijana wako wa brashi! Wameleta kigae kwa Profesa Anselmi akisome, maana nchi nzima wanaoweza kusoma maandishi yale ni wachache. Ni nusu ya kikombe chenye mkono mmoja, udongo mwekundu wa kwetu. Kimechorwa kabla ya kuchomwa, kutoka kulia kwenda kushoto, na neno ni moja tu. Tunakunywa. Tunakunywa, Baba! Na katikati kuna o, duara zima kama sahani. Wameandika p mara mbili, lakini hivyo ndivyo watu wa kwetu walivyokuwa wakiandika, b hawakuwa nayo.

Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua. Miaka thelathini wanamcheka kwa o yake. Akasema, "Signorina, futa kinyota."

Shida ipo moja. Kimetoka kwenye udongo ulioporomoka, si kwenye tabaka safi, lakini Profesa anasema neno lenyewe ndilo ushahidi: nani mwingine angelijua?

Sasa nikueleze kwa nini sili. Profesa anastaafu. Kiti chake kitatangazwa, na mwezi wa sita kuna kongamano hapa hapa, na wote watakaoamua watakuwa ukumbini. Nikisimama mbele yao na kigae hiki, kazi ni yangu. Nina miaka thelathini na minne na bado napanga kwa mwanamke wa kasuku. Nikiikosa hii hakuna nyingine, nitakwenda kufundisha watoto Kilatini shuleni na nitawachukia wote.

Furahi na mimi. Mwambie shangazi mizimu imejibu.

Fiorenza wako


Civita, 20 Februari 1988

Mwanangu,

Hujambo. Sisi wazima. Kula, tafadhali. Karamu ya kabla ya Kwaresima imepita salama, tumechoma sanamu la karatasi uwanjani kama kawaida, na Argia amekaanga koliflawa ya kulisha jeshi.

Ni habari kubwa hiyo. Nimeisoma. Nina swali la kifinyanzi tu. Pale mkono unapoungana na tumbo, upande wa ndani, je, kuna alama ya kidole gumba? Na ufa umepita wapi, chini ya mkono au katikati?

Kula.

Babako


Padova, 1 Machi 1988

Baba mpenzi,

Nimekula. Nimelala pia. Mzima kabisa, nanenepa.

Umejuaje? Alama ya gumba ipo, pale pale uliposema! Na ufa unapita chini ya mkono. Nimemwambia Profesa, "Baba yangu amekitabiri kutoka Civita bila kukiona," akasema mfinyanzi humjua mfinyanzi. Kidole kile ndicho anachokipenda kuliko hata neno. Amepiga picha yake, tutaionyesha ukutani kwenye kongamano. Kina mstari unaokikata mshazari. Anasema ni ufa wa udongo.

Nikuambie jambo, usimwambie shangazi atanicheka. Profesa alipotoka nilitia gumba langu pale ndani. Likaingia sawasawa. Nikawaza, huyu mtu aliishi hapo hapo tunapoishi, akachukua udongo wa mto ule ule, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo akachora tunakunywa. Alikuwa na watu wa kunywa nao. Nikakumbuka meza yetu, Baba, na nikalia kidogo juu ya mali ya serikali.

Fiorenza


Civita, 30 Aprili 1988

Fiorenza,

Natumai u mzima. Mimi nimekaa na barua yako Kwaresima nzima na baada ya Pasaka pia, na Argia anaona sili, anadhani ni tumbo.

Kigae ni changu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana najua umesimama sasa. Ulipoandika ile barua ya nafsi sita, nilikufinyangia vikombe sita, kimoja kwa kila nafsi. Nilivichora kwa msumari kabla ya kuchoma. Herufi nilizitoa kwenye kitabu chako cha picha ulichokiacha chumbani, chenye kile kikombe cha Roma. Niliona hawana b nikaweka p mbili kama wao. Kinyota sikuweka. Nani anaweka kinyota kwenye kikombe? Hicho ndicho kitu nilichotaka uje ukione Krismasi. Cha nne kilipasuka tanurini, nami nikakitupa shimoni. Wewe hukuja, sikuona haja ya kutengeneza kingine. Kisha mvua, kisha vijana na brashi zao. Udongo ni ule ule wa mto, wangejuaje?

Na huo mstari si ufa wa udongo. Ni kovu langu, pale mashine ya kiwandani iliponing'ata gumba wakati ule wa utoto wako kifua kikuu kinakusumbua, ukanifunga bandeji wewe mwenyewe ukiwa kitandani, ukaifunga vibaya.

Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua. Nilikwisha kuandika barua ya kukupongeza, ipo hapa. Lakini uliposema umetia kidole ukakumbuka meza yetu, nikaona siwezi kukuacha unamlilia mtu mwingine na huku ni mimi.

Vile vitano vipo kabatini, nyuma ya sufuria kubwa la mama yako. Hakuna aliyeviona isipokuwa Argia, naye anadhani ni vya kuwauzia watalii.

Babako,
Marciano


Padova, 5 Mei 1988

Baba,

Sina salamu leo.

Miaka miwili na nusu! "Kile kitu kipo, hakiombi mkate." Ungeandika mstari mmoja tu, "nimekuchorea maneno yako kwenye vikombe", mstari mmoja, na kigae kile kingefika hapa nikakicheka na kukurudishia. Na kama uliamua kunyamaza, kwa nini hukunyamaza moja kwa moja? Sasa nifanye nini na jambo hili? Profesa ana moyo mgonjwa. Ratiba imechapishwa na jina langu liko juu.

Usimwambie mtu. Hasa shangazi. Nakuomba.

F.


Civita, 12 Mei 1988

Mwanangu,

Mimi sina ugomvi na salamu, kwa hiyo hujambo.

Una haki ya kukasirika na nimeipokea. Ungekuja Krismasi ungeviona, hilo nalo ni kweli, lakini sisemi tena. Sote wawili tulinuna, na mama yako hakuwepo wa kutugombeza.

Kusema sisemi. Mimi ni kiziwi, hakuna anayemuuliza kiziwi. Lakini hivyo vitano vipo, na siku moja nitakufa na mtu atafungua kabati. Kwa hiyo nimevitoa, vipo kwenye meza ya bandani, na nyundo ipo kando. Neno lako tu, na navisaga unga, narudisha mtoni. Udongo ni udongo. Nimevunja masinki mengi zaidi ya hivyo kwa sababu ya tundu dogo kama la sindano, sitashindwa na vikombe vitano.

Kazi ile unaitaka tangu utotoni, hata kabla hujajua jina lake. Mimi sitaki kuwa ndiye niliyekunyima. Niandikie nipige au nisipige. Nisipopata barua sitagusa kitu mpaka kongamano lako lipite.

Babako


Padova, 11 Juni 1988

Baba mpenzi,

Natumai nyundo bado iko kando. Usivivunje. Samahani kwa kimya, kila nilipoanza kuandika "piga" kalamu iligoma, na kila nilipoanza kuandika "usipige" niliogopa.

Nikueleze ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Hotuba nilikuwa nimeiandika yote, na wewe hukuwemo. Nilijiambia kila kitu kitakuwa sawa, neno ni sahihi, o ni sahihi, naiamini kwa moyo wote, sasa ubaya uko wapi? Nilianza vizuri. Nilieleza mzizi, nikaeleza kurudiwa kwa sauti ya kwanza, Wahindi, Waairishi. Kigae chenyewe nilikuwa nimekishika mkononi. Kisha kijana wa mashine ya picha akaweka ile picha ukutani. Gumba lako, Baba. Kubwa kama mlango, na kovu limelala juu yake, na upande mmoja pale nyama iliposhika vibaya kwa sababu ya bandeji yangu. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika, "Na huyu ni mfinyanzi ambaye jina lake hatutalijua kamwe."

Nilijaribu. Neno la kwanza lilitoka. Halafu nikasema, "Huyu ni baba yangu. Anaitwa Marciano Crestoni, mstaafu wa kiwanda cha masinki ya choo, Civita Castellana. Alichora neno hili mwaka themanini na tano kwa sababu nilimwandikia barua."

Walicheka. Walidhani ni mzaha wa kuamsha waliosinzia baada ya chakula. Nikarudia, na safari hii hawakucheka. Nikaeleza vikombe sita, na Krismasi, na shimo. Mtu mmoja wa chuo cha upande wa e akasimama akasema kwa sauti nzuri sana, "Angalau baba yake anajua kunyambua kitenzi." Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka kwa kicheko.

Profesa Anselmi aliondoka. Nilimfuata koridoni nikamkuta amekaa kwenye kiti cha mlinzi, nikadhani ni moyo. Hakuwa mgonjwa, alikuwa na hasira, akaniambia ningemwambia yeye kwanza, siku ile ile nilipojua, si mbele ya watu. Ni kweli. Nilimwomba radhi. Asubuhi yake niliikuta bahasha mezani kwangu. Kigae kilikuwa ndani, pamoja na kikaratasi: "Si mali ya serikali. Rudisha kinyota. O bado ni o."

Kiti amepewa mwingine, wa e. Jana wametangaza. Nimelia, nimekula, nimemtukana kasuku. Mwezi wa kumi naanza kufundisha Kilatini shule moja hapa.

Binti yako,
Fiorenza


Civita, 20 Juni 1988

Mwanangu,

Hujambo, kweli kweli? Mimi mzima na Argia mzima, na sasa anajua, maana barua yako niliisoma kwa sauti bila kujua ni kubwa kiasi gani, na dirisha lilikuwa wazi. Mtaa mzima unajua. Mwoka mikate ananiita Profesa. Baa wamejifunza nafsi zote sita kutoka kwa Argia na wanazikosea.

Nakusikitikia, na hapo sitanii. Nimekuharibia kazi yako kwa zawadi. Ningekuwa na akili ningekununulia skafu. Kila asubuhi naingia bandani naviona vile vitano, nasema laiti ningevipiga siku ile ile, kabla sijakuuliza, ukaamka huna la kuchagua. Sikupiga. Nilisimama na nyundo, Fiorenza, nikaona kile cha wewe, "unakunywa", kimetoka vizuri kuliko vyote, mkono wake umekaa sawa, na mkono wangu ukakataa.

Sijui nifanye nini kingine isipokuwa kazi. Nikitengeneze upya kile cha nne? Udongo upo. Safari hii nitachora na kinyota, nimejifunza. Niambie, uje kwa sikukuu ya watakatifu wa mji wetu mwezi wa tisa, utakikuta tayari. Kama hutaki kuja, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Babako,
Marciano


Padova, 8 Septemba 1988

Baba mpenzi,

Mzima. Treni inafika stesheni ya Orte tarehe kumi na tano saa tisa alasiri, mwambie mwoka mikate anilete na gari lake, atapata nafasi ya kunikosea nafsi zote sita njiani. Shangazi akaange koliflawa hata kama si msimu.

Cha nne usitengeneze. Nakuja nacho. Nimekijaribu hapa chumbani, mtu akitia gumba pale pale ulipoweka lako na kukiinamisha upande usio na ufa, kinashika mvinyo mafunda mawili bila kuvuja. Funda moja langu, moja lako. Toa meza kubwa.

Fiorenza wako